Mwimbaji hapimwi akiwa kimya: niliyoongea na viongozi wa kwaya Kigoma kuhusu kushona majoho

Kwa wale ambao hamkufika Jumamosi, na nyie wa Kasulu na Uvinza mliosema mvua imewazuia, hii hapa yote niliyoongea kwenye semina ya viongozi wa kwaya. Nimeiandika vilevile nilivyosema, picha za ukutani ndo nimeziacha.

Bwana asifiwe! Hapana hapana, hiyo amina ni ya watu wenye njaa, chai inakuja, Bwana asifiwe! Haya sawa. Tumsifu Yesu Kristu kwa ndugu zetu Wakatoliki, nawaona mmejaa pale nyuma. Na wazee wangu mafundi mliotoka Ujiji, asalaam aleikum, karibuni sana. Kuna watu wananiangalia wanajiuliza mafundi wa kanzu wanatafuta nini kwenye semina ya kwaya. Tulieni, mtaelewa sasa hivi.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu kweli, ubunifu wa majoho ya kwaya kwa mazingira yetu. Mimi siyo mbunifu wa kwenye majukwaa ya mitindo, mimi ni fundi cherehani wa Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, na Jumapili naimba alto, kwa hiyo haya mambo nayajua pande zote mbili, upande wa anayeshona na upande wa anayetoka jasho ndani yake.

Niwaulize swali. Nani hapa kwaya yake ilishona sare kwa michango ya watu, kwa jasho, halafu mwaka haujaisha waimbaji wakaanza kuzikimbia, leo huyu kasahau nyumbani, kesho yule kafua haijakauka? Nyosheni mikono tuone. Aah, teremsheni, teremsheni, ni ukumbi mzima. Swali la pili. Hizo sare mlizichagua kwa kuangalia nini? Picha, si ndio? Mtu katuma picha kwenye grupu la WhatsApp, kwaya ya Marekani imepangwa kwenye ngazi, zambarau inang'aa mpaka inaumiza macho, watu wakagonga mioyo na vidole gumba, mtunza hazina akaulizwa kuna shilingi ngapi, kikao kikafungwa kwa sala. Sasa kwenye ile picha kuna mtu anapumua? Kuna mtu ananyoosha mikono? Kuna mtu anapanda boti Kibirizi na joho lake limekunjwa ndani ya salfeti? Hamna. Wamesimama tu wanatabasamu.

Ngoja niwaambie nilikojifunzia kazi. Nimejifunza Ujiji, kwa mzee mmoja fundi wa kanzu, jina naliacha maana mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Yule mzee mteja akija anampima akiwa amesimama, kawaida, kifua, bega, urefu, mkono. Halafu anamwambia, rukuu. Mteja anainama, mzee anapima mgongo upya. Halafu anamwambia, sujudu, mteja anashuka mpaka kwenye mkeka, mzee anazunguka taratibu anaangalia ile kanzu aliyokuja nayo inavuta wapi, kwapani, magotini, nyuma ya shingo. Siku moja akaja kijana wa mjini mwenye haraka zake akasema mzee si unipime tu kifua na urefu niende? Mzee hata hakuinua macho, akamuuliza, unataka kanzu ya kusimama nayo au ya kusali nayo?

Mmeisikia hiyo? Ya kusimama nayo au ya kusali nayo! Basi mimi nilipoanza kupata kazi za kwaya nikaichukua ileile. Mtu wa kanzu anarukuu, mtu wa kwaya afanye nini? Aimbe! Mwimbaji hapimwi akiwa kimya. Semeni na mimi, mwimbaji hapimwi akiwa kimya. Tena, wale wa nyuma. Mwimbaji hapimwi akiwa kimya!

Manake nini. Mtu akisimama mbele ya fundi anafanyaje? Anabana tumbo, anaona aibu, hasa sisi akina mama, tunabana, tunataka futi kamba isome vizuri. Fundi anaandika inchi 38. Jumapili huyohuyo anavuta pumzi ya kushikilia ile noti ndefu, mbavu zinafunguka, tofauti ya inchi 2 ni kitu cha kawaida kabisa, na mwalimu wa kwaya si ndiye anayewagombeza kila siku pumeni kwa tumbo, jazeni mbavu? Sasa ajaze mbavu aziweke wapi kama nguo imeshonwa kwa mtu aliyebana pumzi? Kwa hiyo mimi nampandisha sauti. Imba ule mstari wa juu, shikilia, shikilia, hapohapo nazungusha futi. Halafu juu ya hicho kipimo naongeza inchi 10 mpaka 12 za uwazi, maana joho siyo gauni la harusi. Na huo uwazi usiutupe wote pembeni mwanamke akaonekana amepana kuliko mlango, uweke kwenye marinda yanayoanzia kwenye kipande cha begani, mbele na nyuma, ndo yanafunguka akivuta pumzi na yanafunga akitoa.

Halafu mwambie anyooshe mikono juu. Yote miwili. Hapa nina kisa. Kuna kwaya moja ya mkoa huu, siitaji, walishona majoho mazuri kwelikweli, kitambaa cha bei, darizi ya dhahabu kifuani. Pasaka ikafika, wakaimba vizuri, wakaingia kwenye lile pambio la kumwinulia Bwana mikono. Safu nzima ya soprano mikono ikapanda, na majoho yakapanda nayo! Yakapanda mpaka magotini, chini ikaonekana sketi ya maua, sketi ya jinzi, kitenge cha msibani, na katikati ya pambio mama mmoja kwapa likasema prrrr, hata mpiga ngoma alisikia. Yule mama hajainua mkono tena mpaka leo, anasifu kwa kutikisa kichwa.

Kosa lilikuwa nini pale? Tundu la mkono lilikatwa la suti, na mkono ukashonwa umeelekea chini. Kwenye suti ni sawa, mwenye suti anapeana mikono tu na watu. Lakini mwimbaji anainua! Na dawa yake wazee wa Ujiji wanayo miaka yote, ndo maana nimewaalika. Kanzu ina badani, yaani kile kipande kikubwa cha mbele na nyuma, ina taharizi za ubavuni zinazoipanua kuanzia kwapani kwenda chini, na ina kile kipande kidogo cha pembe nne cha kwapani, kikwapa. Mzee wangu, hebu inua hiyo kanzu uwaonyeshe. Mnaona? Kipande cha inchi 4 kwa 4 tu, kimewekwa mshazari, pembe moja inatazama mkono na nyingine inatazama ubavu. Mkono ukipanda, kikwapa ndo kinafunguka na joho linabaki chini mahali pake. Kitambaa chake ni masalio ya kwenye meza, hakikugharimu hata mia, ila fundi wengi wa majoho hawakiweki kwa sababu kwenye picha hakionekani.

Na shingo, ndugu zangu, shingo! Shingo ndo inapasuka ya kwanza. Wachungaji mko hapa mtanisahihisha, Kutoka sura ya 28, Mungu anatoa maelekezo ya joho la Haruni, lote rangi ya samawati, halafu anasema tundu la kupitisha kichwa liwe katikati, lizungushiwe utepe wa kufumwa pande zote lisipasuke. Mimi nikisoma hapo nafurahi mno, yaani katikati ya mambo makubwa ya hema na sadaka Bwana anasimama kwanza anaongea na fundi kuhusu shingo. Kengele za dhahabu na makomamanga ya kwenye pindo vimekuja baada ya shingo! Sisi tunaanza na makomamanga. Tunadarizi jina la kwaya herufi kubwa, na shingo tumekunja tu ukingo tukapitisha cherehani mara moja. Kata utepe mshazari wa kitambaa hichohicho, uzungushe shingo yote, chanja chanja ule mzunguko ili usikakamae, ugeuze ndani, pitisha cherehani mara mbili. Na tundu lisibane koo. Mtu anayemeza mate kwa shida ataimbaje?

Kabla sijatoka kwenye mwili wa mwimbaji, kuna watu wawili mnawasahau kila mara. Wa kwanza mpiga kinanda. Mnampa mikono mipana ya kengele sawa na wenzake, anacheza wimbo wa sadaka mkono unaburuza kwenye vibonye unapiga noti ambazo hazimo. Mshonee mkono mwembamba, elastiki kwenye kifundo cha mkono, kwisha. Wa pili mwalimu mwenyewe anayeongoza. Walimu, mbele yenu nani anawaona? Kwaya tu. Waumini wote wanaona mgongo, saa nzima mgongo. Kwa hiyo joho la mwalimu marinda mazuri na darizi viende nyuma, na mikono iishie kwenye kifundo cha mkono ili waimbaji waone vidole. Kuna mwalimu mmoja joho lake lilikuwa linafunika mpaka kucha, anaonyesha mwisho wa wimbo na besi hawajui, wanaendelea peke yao.

Haya. Pindo. Hapa nitapita haraka maana ni jambo dogo ila linaharibu picha yote. Fundi wengi wanapima urefu kuanzia begani kushuka, wanaandika inchi 54, 52, 56, wanakata. Watu wakipanga mstari mapindo yanapanda na kushuka, huyu linagusa kiatu, huyu linaonyesha soksi. Kwa nini? Kwa sababu watu hawafanani mabega wala mgongo, na mwenye kifua kikubwa joho lake linapanda mbele. Wewe pima kuanzia sakafuni! Mkishamaliza kushona kila kitu acheni mapindo wazi, siku ya kujaribu kila mtu aje na viatu atakavyovaa, panga wote kwenye sakafu ya saruji, siyo kwenye nyasi, chukua kipande cha ubao chenye alama inchi 6, pita na chaki mtu kwa mtu. Inchi 6 kutoka chini, wote, mrefu kwa mfupi. Kama kwaya yenu inacheza sana, weka 8 na mipasuo ubavuni. Na vijana waachie pindo nene la ndani la inchi 4, watarefuka hao.

Sasa kitambaa. Hapa tukae kidogo, hapa ndo hela za waumini zinapotelea.

Mjue kwanza haya majoho yametoka wapi. Kule Uingereza waimbaji wa kanisani wanavaa kanzu ndefu na juu yake vazi jeupe pana, na asili ya lile jeupe ni zama za kati Ulaya, lilikuwa linavaliwa juu ya nguo za manyoya kwa sababu makanisa ya mawe yalikuwa baridi. Manyoya! Na haya ya kwenye picha za Marekani yana mkato wa joho la chuo kikuu, vyuo vya kule vilikubaliana mtindo mmoja wa majoho yao mwaka 1895, kipande cha begani, marinda, mikono mipana, ndo maana kwaya zetu zikiiga bila kufikiri watu wanauliza leo kuna mahafali? Sisemi ni vibaya kuiga. Nasema hao watu walikuwa wanajikinga na baridi, wewe uko Kigoma, mwezi wa tisa, wa kumi, mvua haijashika, chini ya bati, misa ya pili, unavaa satini nyeusi yenye bitana. Unataka kuimba au unataka kuzimia?

Satini ndo ugonjwa wetu. Inang'aa, nakubali. Lakini satini nyingi ya madukani ni poliesta tupu, haipitishi hewa, jasho likishika mgongoni linaonekana mpaka mlangoni, na ikinasa msumari wa benchi imekwisha. Mkienda dukani msimuulize muuzaji hii ni nini, atawaambia pamba safi ya Dubai. Omba uzi mmoja wa ukingoni, toka nje, washa kibiriti. Pamba inaungua inanuka karatasi, inaacha jivu laini ukishika linapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone cheusi kigumu. Mchanganyiko utaona vyote viwili. Mimi kwa hali yetu napenda mchanganyiko, ule wa poliesta 65 pamba 35, hausinyai sana, haukunjamani sana, na angalau mwili unapumua. Pamba tupu ni raha ya kuvaa ila lazima uiloweke na kuianika kabla mkasi haujagusa. Pamba ikisinyaa asilimia 5 tu, joho la inchi 54 limepanda karibu inchi 3, na yule tuliyempima kwa ubao na chaki kazi yote imeharibika.

Na nunueni zote siku moja, jora za rangi moja, mzigo mmoja! Nisikilizeni vizuri hapa. Kwaya moja ya vijana walinunua maruni hapa Mwanga, duka likaishiwa, zilizobaki wakaagiza Kariakoo zikaja na treni. Maruni si maruni? Dukani chini ya taa za tyubu zilifanana kabisa. Wakashona. Siku ya kujaribu wakatoka nje jua la saa sita, nusu ya kwaya imevaa damu ya mzee na nusu imevaa kitu kinachokimbilia zambarau. Mwenyekiti wao alitaka kulia. Kiwandani rangi inapikwa kwa awamu, chungu cha leo na cha wiki ijayo havifanani, na taa ya dukani inaficha, kwa hiyo kitambaa kitoe nje ukiangalie juani kabla hujalipa. Wale vijana tuliwasaidiaje? Hatukufumua hata moja. Tuliwagawia upya majoho kwa sauti, soprano na tenori wakavaa maruni moja, alto na besi nyingine, halafu wote stola moja ya krimu, yaani kile kitambaa kirefu cha kuning'iniza shingoni. Watu kanisani wakasema hawa wamebuni! Wakaanza kupigiwa simu kuulizwa ule mtindo. Ila hiyo ilikuwa ni kuokoa, msije kwangu na jora mbili mkasema fundi si utatugawa kwa sauti.

Kuchuja rangi nako. Joho jeupe na stola nyekundu vinapendeza sana, lakini kuna kwaya ilialikwa Kagunga, wakapanda boti Kibirizi, ziwa likawa na mawimbi, salfeti ya majoho ikaloa, kufika kule wanafungua, nyekundu yote imehamia kwenye nyeupe. Waliimba na fulana. Kwa hiyo chukua kitambaa cheupe kilicholoa, sugua ile nyekundu kwa nguvu, kikitoka na rangi usikinunue, hata upunguziwe bei. Na kwenye safari stola zifungwe peke yake.

Na mawese, jamani. Sisi watu wa Kigoma tunajijua. Ibada imeisha, wenyeji wameandaa, ugali na migebuka, samaki wetu wa ziwani, imeelea kwenye mawese, na mtu anakaa mezani na joho lake jeupe mikono mipana. Mkono unatangulia kwenye bakuli kabla ya vidole. Ile rangi ya mawese ikishaingia kwenye poliesta inang'ang'ania kuliko kwenye pamba, na ukikimbilia maji ya moto au pasi ndo umeipigilia. Weka sabuni ya kuoshea vyombo kwanza, maji ya kawaida, sugua, halafu anika juani, jua linaipunguza ile rangi. Lakini dawa hasa ni sheria ya kwaya, joho linavuliwa kabla ya chakula. Msichekeane kwenye hilo, hata kwa mwenyekiti.

Kitenge? Najua mtauliza, na sisi tuko mpakani, kinakuja cha Kongo, cha Burundi, kizuri. Nakipenda. Lakini joho zima la kitenge lina mitego miwili. Ule mchoro ukiisha sokoni umeisha, mwakani mmepokea waimbaji wapya mnawapa nini? Na kama kitenge kina ndege au maua yenye kusimama na fundi akakata joho bila mshono wa begani, mbele ndege wamesimama, nyuma wote wako miguu juu! Fikirieni mwalimu ambaye tunamwangalia mgongo. Kitumieni kwenye stola, kwenye kola, kwenye ukanda wa pindo, joho lenyewe liwe la rangi moja ambayo haipotei madukani, na nunueni yadi 6 za ziada za hicho kitenge mkazifungie kwa matroni, mama mlezi wa kwaya.

Rangi sasa. Kwa ndugu Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, nyie mna kalenda inayowaongoza, nyeupe Krismasi na Pasaka, zambarau Majilio na Kwaresima, nyekundu Pentekoste, kijani kipindi cha kawaida. Msishone majoho manne! Shoneni joho moja tulivu, krimu au kijivu, na stola mbili zenye pande mbili, upande huu zambarau ukigeuza nyeupe, nyingine nyekundu ukigeuza kijani. Mwaka mzima umekwisha. Na wote, kabla ya kuchagua rangi nendeni mkasimame mnaposimamaga, mwangalie ukuta wa nyuma. Ukuta wa krimu, kwaya ya krimu, waumini wanaona nyuso tu.

Halafu siku hizi kila kwaya inatoa video. Kuna kwaya walishona kijani kibichi, kizuri, wakaenda kurekodi. Kijana wa kamera akawapanga mbele ya pazia la kijani, ile grin skrini, hakusema kitu, na wao hawakuuliza. Mnajua kompyuta inafanya nini pale? Inafuta kila kijani inaweka mandhari. Video ikatoka, vichwa na viganja vinaelea juu ya maporomoko ya maji! Miili hamna! Na walikuwa wameshalipa. Mkiwa na mpango wa video semeni mapema kwa fundi na kwa mtu wa kamera, kijani kile muikwepe, na vimistari vyembamba vyembamba navyo vikwepeni, kwenye kamera vinacheza cheza macho yanauma.

Namalizia na hela, nisije nikawa mimi ndo sababu ya chai kupoa. Mtu mzima kwenye kitambaa cha upana wa inchi 60 wekeni mita 3 na nusu. Watu 30 ni mita 105. Ongezeni mita 14, hayo ni majoho manne ya watu ambao bado hawajajiunga, maana mkiimba vizuri watakuja. Halafu msimruhusu fundi akate yote! Ashone moja. Moja tu, ya mwimbaji mnene wa wastani anayependa kucheza. Alivae ibada nzima, alifue, alipige pasi, alivae tena, ndipo mkae kikao mkiwa na joho mkononi siyo picha. Kamati zinachukia hili, wanaona linachelewesha, na mimi nikikataa kukata bila sampuli wananiita fundi wa maringo. Sawa, na niitwe. Makubaliano yaandikwe, nusu mbele, tarehe ya kujaribu, nani analipa kikirekebishwa. Na msije Desemba kwa ajili ya Krismasi, Desemba fundi gani ana akili zake? Njooni mwezi wa tisa.

Kila joho lipewe namba, ishonwe ndani ya shingo, na daftari liwepo. Majoho ni mali ya kwaya. Kuna binti aliolewa Kibondo akaenda na lake, kwenye picha za sendoff limo, na jina la kwaya kifuani, mpaka leo matroni anamwandikia.

Haya, sasa maneno yametosha. Nimeleta futi kamba kwenye ile ndoo. Simameni wawili wawili, mmoja anapima, mmoja anaimba, tena aimbe kweli asiningurumie. Mpime amekaa kimya kwanza, andika, halafu akiwa ameshikilia noti, andika pembeni, tuone nani ana tofauti kubwa. Tunaanza na besi, nyie ndo mnabana matumbo kuliko akina mama ila hamsemi. Mzee wangu wa Ujiji atapita anakagua makwapa. Nani kauliza bei? Bei tutaongea kwenye chai, na ulete kitambaa nikishike kwanza.